Kufungua akaunti yako ya kwanza ya hostingi: kuanzia domeni hadi barua pepe

Domeni na hostingi ni vitu viwili, na anayevichanganya siku ya kwanza hulipia kosa hilo kwa miaka. Domeni ni jina, kwa mfano jinalako.co.ke. Hostingi ni chumba: nafasi unayopanga kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana, ambamo faili za tovuti na barua pepe zako hukaa. Jina hulipiwa kwa mwaka, chumba kwa mwezi au kwa mwaka. Unaweza kununua vyote kwa kampuni moja, au jina huku na chumba kule.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega au Busia mwenye duka, shule, kikundi au nyumba ya wageni, anayetaka kufungua akaunti kwa mkono wake. Hata kama utamlipa fundi akujengee kurasa, hatua za kununua zifanye mwenyewe, kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Wadukuzi wapo, lakini biashara ndogo hupoteza tovuti kwa njia rahisi zaidi: domeni ilisajiliwa kwa barua pepe ya fundi, fundi akahamia mji mwingine au akabadilisha laini, na notisi za kulipa zikawa zinaenda mahali ambapo hakuna anayezisoma. Mbele ya msajili, yaani kampuni inayokuuzia jina, mwenye domeni ni yule aliyeandikwa kwenye usajili. Risiti uliyopewa na fundi haibadilishi hilo.

Kabla ya kulipa chochote

Tafuta barua pepe moja ambayo utakuwa nayo hata miaka kumi ijayo, na uiwekee uthibitisho wa hatua mbili. Usitumie info@jinalako.co.ke kuwa anwani ya akaunti ya hostingi. Siku domeni ikiisha muda, barua hiyo nayo inakufa, na kiungo cha kubadilisha nenosiri kitatumwa kwenye sanduku usiloweza kulifungua. Kwa kikundi au shule, fungua barua pepe ya taasisi, na nenosiri lake lijulikane na watu wawili, tuseme mwenyekiti na katibu.

Kisha chagua jina. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, na wewe unanunua kupitia wasajili walioidhinishwa. Mwisho wa jina una maana yake: co.ke ni ya biashara, or.ke ya mashirika yasiyo ya faida, sc.ke ya shule, ac.ke ya vyuo, me.ke ya mtu binafsi, na go.ke ni ya serikali peke yake. Shule na vyuo huombwa hati za usajili wa taasisi, kwa hiyo ziwe zimeshapigwa picha kabla ya kuanza. Tangu 2017 unaweza pia kusajili jina fupi, jinalako.ke, ingawa bei yake kwa kawaida iko juu ya co.ke. Kwa duka linalouzia watu wa hapa nchini, co.ke inatosha kabisa. Mteja anaiona na kujua uko Kenya.

Jina zuri ni lile ambalo mtu akilisikia kwenye simu analiandika bila kuuliza mara ya pili. Huku magharibi shida huwa kwenye ng'. Domeni hukubali herufi, tarakimu na kistari, ritifaa haikubaliki. Biashara inayoitwa Ng'ano Bora lazima iwe nganobora.co.ke, na kwenye bango, risiti na ubavuni mwa gari anwani iandikwe hivyohivyo bila ritifaa, la sivyo mteja mwenye tahajia nzuri ataandika ng' na asikufikie. Kistari nacho kiepuke ukiweza, kwa sababu watu hukisahau.

Kuchagua chumba

Hostingi ya bei nafuu ni kama kuishi ploti. Wapangaji wengi, bomba moja, stima moja. Jirani akiacha maji wazi, wewe unapata matone. Kwenye seva ya pamoja tovuti nyingi hugawana kichakataji na kumbukumbu, na ndiyo sababu bei iko chini. Kwa tovuti ya kurasa kumi na wageni mia mbili kwa siku, ploti inatosha. Usiuziwe seva binafsi kwa ajili ya tovuti ya saluni. Seva binafsi ni nyumba yenye mita yake, lakini pia bomba likipasuka unalitengeneza mwenyewe.

Ukilinganisha vifurushi, usiishie kwenye neno "bila kikomo". Uliza idadi ya faili zinazoruhusiwa, maana kila picha na kila barua pepe huhesabiwa kama faili. WordPress, programu ya kujengea tovuti, ikiwa tupu peke yake ina faili zaidi ya 3,000, kabla hujaongeza chochote. Uliza bei ya mwaka wa pili, kwa sababu punguzo kubwa mara nyingi ni la mwaka wa kwanza tu. Uliza kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 16. Na uliza nakala rudufu huchukuliwa mara ngapi na kurudishiwa ni bure au kwa malipo.

Nafasi ya GB 5 humtosha mwanzilishi. Kinachoijaza si kurasa, ni picha na barua pepe. Picha moja ya simu janja hufika MB 3 hadi 5. Ukiipunguza upana hadi pikseli 1,600 na kuihifadhi upya, inashuka hadi KB 200 au 300, na kwenye skrini ya simu mteja haoni tofauti. Anayekufungua kwa bando la shilingi ishirini ataiona tofauti kwenye bando lake.

Mahali seva ilipo ni jambo la maana pia. Kama wateja wako wako Kondele, Milimani na Section 58, seva ya Nairobi iko karibu nao kuliko ya Ulaya, na ombi lao halivuki bahari. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilikuwa nzito Afrika Mashariki nzima. Katika hali kama hiyo, tovuti iliyo ndani ya nchi bado inaweza kufikika kwa watu wa ndani, maana watoa huduma hubadilishana data hapahapa nchini kupitia KIXP, kituo ambapo mitandao yao hukutana. Wateja wako wakiwa zaidi ng'ambo, watalii wa Dunga kwa mfano, seva ya Ulaya si kosa.

Kulipa kwa M-Pesa bila kupotea

Jaza fomu kwa jina lako kamili au la biashara kama lilivyo kwenye hati za usajili. Ukimaliza, mfumo hukutolea ankara yenye namba. Hapa ndipo wengi huteleza. Kwenye Paybill, sehemu ya namba ya akaunti inataka namba ya ankara au ile uliyoelekezwa kwenye ukurasa wa malipo. Ukiandika jina lako, au namba yako ya simu kwa mazoea, pesa inafika lakini mfumo haujui ni ya nani, na ankara inabaki haijalipwa. Ikitokea hivyo usilipe mara ya pili. Watumie kitengo cha huduma namba ya muamala, zile herufi na tarakimu 10 za mwanzo wa ujumbe wa M-Pesa, pamoja na namba ya ankara, kisha subiri. Ujumbe huo usiufute. Ndio ushahidi wako.

Kama jina lako linaishia na .com, kuna barua pepe nyingine itakuja ikikutaka uthibitishe anwani yako. Ibonyeze siku hiyohiyo. Kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, zinampa mwenye jina siku 15. Zikipita bila uthibitisho, jina husimamishwa na tovuti inazimika ingawa umelipa kila kitu. Barua hiyo hupenda kuangukia kwenye taka (spam), kwa hiyo ifuate huko.

Barua ya kukaribishwa

Malipo yakipokelewa, utapata barua yenye vitu vinne: anwani ya paneli ya usimamizi, jina la mtumiaji, nenosiri, na majina ya seva mawili, kwa kawaida yanayoanza na ns1 na ns2. Hifadhi nakala yake, kisha ingia na ubadilishe nenosiri papo hapo, kwa kuwa lile la kwanza limesafiri ndani ya barua. Paneli inayotumika sana ni cPanel, na hufunguka kwa kuandika jinalako.co.ke:2083. Kabla domeni haijaanza kuelekea kwenye seva, tumia kiungo kilichomo kwenye barua.

Ukiwa saiba, fungua dirisha la faragha, kataa kivinjari kinapotaka kuhifadhi nenosiri, na utoke kwenye akaunti kabla ya kusimama. Kompyuta ya saiba hukaliwa na mtu mwingine dakika hiyo hiyo unapoondoka.

Kuelekeza jina kwenye chumba

Ukinunua vyote kwa kampuni moja, jina huelekezwa lenyewe. Ukinunua mahali pawili, ingia kwa msajili wa domeni, tafuta sehemu ya Nameservers, futa yaliyopo na uandike ns1 na ns2 za kampuni ya hostingi. Angalia kila herufi. Nukta moja ikikosekana, hakuna kitakachofunguka.

Baada ya hapo subiri. Watoa huduma wa intaneti huweka jibu la zamani kwenye kumbukumbu zao hadi muda wake uishe, kwa hiyo mabadiliko huchukua dakika chache hadi saa 48. Ndiyo maana tovuti inaweza kufunguka kwenye simu yako na isifunguke kwenye WiFi ya ofisi. Jaribu kwa laini mbili tofauti kabla ya kuanza kubadilisha vitu. Anayehangaika na kurekebisha kila saa hajui tena ni badiliko lipi lililofanya kazi.

Onyo moja kwa mwenye domeni ya zamani: kama barua pepe za biashara tayari zinapita kwa kampuni nyingine, nakili rekodi zote za zamani, hasa za MX (zinazoelekeza barua ziende wapi) na TXT (maandishi ya uthibitisho), kabla ya kubadilisha majina ya seva. Ukibadilisha kwanza, tovuti itakuja na barua zitakatika, na barua ya oda iliyorudi kwa mteja huwezi kuijua.

Kuweka faili

Kwenye paneli fungua File Manager, kisha folda iitwayo public_html. Kilichomo humo ndicho dunia inachokiona. Ukurasa wa kwanza lazima uitwe index.html au index.php.

Tuseme fundi amekupa faili la zip liitwalo tovuti.zip. Unalipakia ndani ya public_html, unabonyeza Extract, unafungua jinalako.co.ke, na unakutana na kosa la 403 au orodha ya folda. Rudi utazame: ndani ya public_html kumezaliwa folda iitwayo tovuti, na index.html imejificha ndani yake. Ingia humo, chagua faili zote, zihamishe ngazi moja juu hadi public_html yenyewe, kisha futa folda tupu na ile zip. Zip iliyoachwa pale mtu yeyote anayekisia jina lake anaweza kuipakua.

Kosa la pili la jamaa hiyo ni herufi kubwa. Seva nyingi zinatumia Linux, na kwa Linux picha.JPG na picha.jpg ni vitu viwili. Kamera na simu nyingine huandika .JPG kwa herufi kubwa. Kwenye kompyuta ya Windows picha inaonekana vizuri, ukiipeleka kwenye seva inapotea. Zoea herufi ndogo tupu na majina yasiyo na nafasi: samaki-wa-kukaanga.jpg.

Stima ikipotea katikati ya kupakia, faili hubaki nusu. Usidhani ni zima kwa sababu jina lake limeonekana. Linganisha ukubwa wake na wa kwenye kompyuta yako. Ukitofautiana, futa upakie tena. Na ukikutana na kosa la 500, angalia ruhusa za faili: faili ziwe 644, folda ziwe 755. Wapo wanaoshauri 777 ili "ikubali tu". Usifanye hivyo, unafungua mlango kwa kila mpangaji wa ploti, na seva nyingi zitaikataa hata hivyo.

Kufuli ya SSL, halafu WordPress

Mpangilio huu usiugeuze: jina lielekee kwenye seva kwanza, cheti cha SSL, kinacholinda data kati ya mteja na tovuti, kipatikane, ndipo WordPress ifuate. Seva haiwezi kupata cheti cha jina ambalo bado halijaielekea. Kwenye cPanel tafuta SSL/TLS Status, chagua jinalako.co.ke na www.jinalako.co.ke zote mbili, kisha uendeshe AutoSSL. Cheti ni cha bure kwenye vifurushi vingi, hudumu siku 90, na hujihuisha chenyewe mradi jina halijahamishwa. Usimlipe mtu maelfu kwa cheti cha kawaida cha tovuti ya duka.

WordPress nayo huwekwa kwa kubonyeza, mara nyingi kupitia Softaculous, kisakinishi kilicho ndani ya paneli. Sehemu tatu za fomu ile zinahitaji macho. Itifaki, chagua https. Sehemu ya folda, iache tupu. Ukikuta neno wp humo, lifute, vinginevyo tovuti yako itaishi jinalako.co.ke/wp na ukurasa wa mbele utabaki mtupu. Jina la msimamizi lisiwe admin, kwa sababu ndilo roboti hujaribu kwanza, usiku kucha. Chagua PHP, lugha inayoendesha WordPress, ya toleo la 8 kama kampuni inakuachia uchague.

Ukishaingia, weka saa za Nairobi, futa chapisho la mfano, na kwenye mipangilio ya usomaji hakikisha kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji hakijatiwa alama. Tovuti inaweza kukaa mwaka mzima haionekani Google kwa alama hiyo moja. Programu-jalizi (plugins) zisizidi zile unazozihitaji. Kila moja hula kichakataji, na kwenye ploti ukipita kiasi chako utaona kosa la 508, maana yake umegonga kikomo cha kifurushi. Ukiweka fomu inayokusanya majina na namba za simu za wateja, kumbuka Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata kama duka ni dogo: kusanya unachohitaji tu na useme unakitumia kwa nini.

Barua pepe yenye jina lako

Fungua Email Accounts, tengeneza info@ na mipaka ya GB 1, na nenosiri tofauti na la paneli. Kwenye simu, jina la mtumiaji ni anwani nzima, siyo neno "info" peke yake. Hilo ndilo huzuia wengi kuingia. Seva ni mail.jinalako.co.ke, kupokea kwa IMAP mlango 993, kutuma kwa SMTP mlango 465, zote kwa SSL. Chagua IMAP badala ya POP3 ili simu na laptopu zione sanduku moja.

Kisha nenda Email Deliverability uhakikishe SPF na DKIM, rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, ziko sawa. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila anayewatumia watu wake awe na angalau moja kati ya hizo mbili, na wewe uwe na zote. Rekodi ya SPF iwe moja tu kwa domeni. Ukiongeza ya pili kwa ajili ya huduma nyingine, zote mbili huharibika, kwa hiyo unganisha ndani ya ile ile. Kupima ni rahisi: jitumie barua kwenye Gmail, ifungue kwenye kompyuta, chagua kuonyesha barua asili, na utafute neno PASS mbele ya SPF na ya DKIM. Ankara na bei unazotuma zikiangukia kwenye taka, biashara haijui imepoteza nini.

Nakala na tarehe

Mara moja kwa wiki, na kila kabla ya kusasisha WordPress, pakua nakala kamili ya akaunti na uiweke nje ya seva: kwenye flashi, kwenye Drive, popote. Nakala iliyo ndani ya seva ileile hujaza nafasi yako na huungua pamoja na nyumba.

Malipo ya ankara kwa M-Pesa hayajikati yenyewe kama kadi. Weka ukumbusho kwenye simu siku 30 kabla ya domeni kuisha, na mwingine wa hostingi, maana tarehe mara nyingi hazilingani. Jina la .com likipita muda wake na kufutwa, lina siku 30 za kukombolewa kwa ada kubwa kuliko bei yake ya kawaida, na baada ya hapo siku 5, kisha yeyote anaweza kulichukua. Ukitaka kuhama kampuni, omba msimbo wa kuhamisha domeni. Ni haki yako kama mwenye jina, ila .com mpya hufungwa kwa siku 60 tangu isajiliwe.

Leo, kabla ya kufunga kompyuta, ingia kwa msajili ufungue maelezo ya mwasiliani wa domeni. Soma jina, barua pepe na namba ya simu zilizoandikwa pale. Zikiwa si zako, zibadilishe leo, wakati fundi bado anapokea simu.